Neno Dogo Linalowasumbua Watunga Kamusi

Nje ya nyumba namba 78, Banbury Road, mjini Oxford, pana sanduku jekundu la posta. Liliwekwa hapo kwa ajili ya mkazi mmoja, James Murray, kwa kuwa barua zake zilizidi kabisa kiasi cha nyumba ya kawaida. Aliyemwandikia kutoka mbali hakuhitaji kujua jina la mtaa. Bahasha yenye jina lake na neno "Oxford" tu ilimfikia. Bahasha nyingi zilijaa vikaratasi vyenye ukubwa wa nusu karatasi ya barua. Juu ya kila kikaratasi liliandikwa neno moja la Kiingereza, kisha mwaka, jina la mwandishi, kitabu, ukurasa, na sentensi nzima ambamo neno hilo lilitumika. Hadi kazi ya kamusi yake inakwisha, vilikuwa vimekusanywa vikaratasi vipatavyo milioni tano.

Mtu huweza kudhani kwamba jasho lote hilo lilimwagika kwa ajili ya maneno makubwa, yale ya waganga, wanasheria na wanafalsafa. Maneno hayo hayakuwapa watunga kamusi taabu kubwa. Neno la kitaalamu huwa na maana moja, pengine mbili, na mwenye taaluma yake akiulizwa hujibu mara moja. Kilichowakesha watu ni maneno ambayo mtoto huyajua kabla hajaota meno yote. Chukua "run". Shuleni tulifundishwa kuwa maana yake ni kukimbia, tukaandika daftarini, tukapita. Peter Gilliver, mmoja wa wahariri wa Kamusi ya Kiingereza ya Oxford, alipoketi kulipitia upya neno hilo mwanzoni mwa karne hii, lilimchukua miezi tisa. Alipomaliza, kitenzi hicho kimoja kilikuwa na maana 645.

Nimeifuata njia iliyofikisha kazi hiyo kwenye hesabu hiyo, na ninaisimulia hapa kwa sababu inapita jirani sana na Kiswahili, jirani kuliko wengi wetu tunavyodhani.

Kamusi ya kwanza ya Kiingereza kwa Kiingereza ilitoka mwaka 1604. Mtungaji wake, Robert Cawdrey, alikusanya maneno yapatayo 2,500, na yote yalikuwa magumu: maneno yaliyotoka katika Kilatini, Kigiriki, Kifaransa na Kiebrania, ambayo msomaji wa kawaida aliyasikia kanisani asiyaelewe. Kukimbia, kuweka, kuchukua, kwenda: nani angelipa fedha yake aelezwe hayo? Kwa karibu miaka mia moja kamusi zilizofuata zilishika mwendo huohuo. Neno la kila siku halikuhesabiwa kuwa jambo la kuchunguzwa.

Aliyeyatazama maneno hayo usoni ni Samuel Johnson. Nyumba yake ya Gough Square, kwenye vichochoro vya nyuma ya Fleet Street jijini London, ipo hadi leo na imefanywa makumbusho. Alitia saini mkataba na wachapishaji mwaka 1746, akaajiri waandishi sita, watano kati yao Waskoti, akawaweka kwenye chumba cha darini. Johnson alisoma vitabu, akapigia mstari maneno aliyoyataka. Waandishi wakanakili sentensi zenye maneno hayo. Mwaka 1755 kamusi ikatoka, na ndani yake kitenzi "take" peke yake kilikuwa na maana 134, maelezo ya maneno yapatayo 8,000 yaliyojaza zaidi ya kurasa tano kubwa. Katika utangulizi wake Johnson aliorodhesha vitenzi vya aina hiyo vilivyomsumbua, kimoja baada ya kingine, na "run" na "set" vimo. Alikiri kuwa matumizi yake yametawanyika mno, na kwamba ni vigumu kuvishika vikatulia wakati watu wanaovisema wangali hai na wanaendelea kuvisukuma huku na huku. Naona ujasiri mkubwa katika kukiri huko. Mtu aliyeajiriwa kuifunga lugha katika majuzuu mawili anawaambia walionunua kazi yake kwamba maneno madogo hayafungiki.

Baada ya Johnson ikapita karne nzima.

Novemba 1857, kwenye maktaba iitwayo London Library, St James's Square, Richard Chenevix Trench aliwasomea wenzake wa Chama cha Filolojia mada mbili kuhusu upungufu wa kamusi zilizokuwapo. Trench alikuwa mkuu wa kanisa la Westminster Abbey. Hoja yake kuu ilikuwa kwamba mtunga kamusi ni mwanahistoria. Si hakimu wa kuamua neno lipi lifae na lipi litupwe. Kazi yake ni kulifuata kila neno tangu lilipoonekana mara ya kwanza katika maandishi, kuonyesha maana yake ya awali, kisha kila maana iliyochipua baadaye, pamoja na mwaka na ushahidi wake. Na kwa kuwa hakuna mtu awezaye kusoma vitabu vyote vya taifa, umma uitwe usaidie kusoma.

Mhariri wa kwanza wa kamusi iliyotokana na wito huo, Herbert Coleridge, mjukuu wa mshairi Samuel Taylor Coleridge, alijitengenezea kabati la vijisanduku 54 la kupangia vikaratasi, akafa mwaka 1861 akiwa na umri wa miaka 30. Kazi ikamwangukia Frederick Furnivall, mtu wa mambo mengi na subira kidogo. Katika mikono yake vikaratasi vilitawanyika nchi nzima. Lakini Furnivall alifanya jambo moja ambalo sisi Waswahili tunapaswa kulitazama kwa makini. Aliona kwamba historia ya neno haiwezi kuandikwa ikiwa maandishi ya kale yamelala kwenye masanduku ya watu na maktaba za makanisa. Basi mwaka 1864 akaanzisha chama cha kuchapisha miswada ya Kiingereza cha kale, ili wasomaji wa kamusi wapate kitu cha kusoma. Chama hicho kingali kinachapisha hadi sasa.

Murray anaingia hapa. Alizaliwa mwaka 1837 katika kijiji cha Denholm, Uskoti, mtoto wa fundi cherehani, akaacha shule akiwa na miaka 14. Lugha nyingi alizozijua alijifundisha mwenyewe. Alikuwa mwalimu wa shule ya Mill Hill, kaskazini mwa London, alipotia saini mkataba na wachapishaji wa Chuo Kikuu cha Oxford mnamo Machi 1879. Makubaliano yalikuwa miaka kumi. Akajenga banda la mabati kwenye uwanja wa shule, akaliita Scriptorium, akaweka rafu zenye vijisanduku zaidi ya 1,000, kisha akapokea urithi wa Furnivall: karibu tani mbili za vikaratasi ndani ya magunia. Katika gunia moja mlikuwa na panya mfu. Katika jingine panya hai alikuwa amezaa na kulea wanawe juu ya historia ya lugha ya Kiingereza.

Jambo lililomsikitisha Murray kuliko panya lilikuwa jingine. Alipoanza kuhesabu alichoachiwa, aligundua kwamba wasomaji wa kujitolea, watu wema na wenye bidii, walikuwa wameokota maneno ya ajabu na kuyaruka ya kawaida. Kwa neno "abusion", ambalo lilikuwa limekwisha kufa zamani, alikuta vikaratasi kama 50. Kwa "abuse", linalotumika kila siku, alikuta vitano. Ilimbidi yeye na wasaidizi wake wapoteze saa nyingi za thamani wakipekua vitabu wenyewe kutafuta mifano ya maneno ambayo yamejaa katika kila ukurasa wa kila kitabu.

Si kwamba wasomaji wale walikuwa wazembe. Anayesoma akikutana na neno geni, jicho linasimama; akikutana na "set" au "run", jicho linapita kama vile hapakuwa na kitu. Kwa hiyo neno linalofanya kazi kubwa kuliko yote ndilo lililobaki bila ushahidi. Murray akatoa mwito mpya kwa umma mwaka huo wa 1879, akaeleza kwa uangalifu zaidi namna ya kusoma, akisisitiza kwamba maneno ya kawaida nayo yanukuliwe.

Waliomtoa kwenye shida hiyo walikuwa watu wa ajabu. Fitzedward Hall, Mmarekani aliyewahi kufundisha Kisanskriti kule Benares, India, alikuwa amejitenga na watu katika kijiji cha Suffolk baada ya kugombana na wasomi wenzake. Kwa miaka ipatayo 20 alitoa sehemu kubwa ya kila siku yake kwa kamusi hii, bila malipo. Mwingine alikuwa William Chester Minor, daktari wa upasuaji wa jeshi la Marekani, aliyeugua akili, akamuua kwa risasi mfanyakazi mmoja huko Lambeth mwaka 1872 akidhani anaandamwa, na akafungwa katika hospitali ya Broadmoor. Hapo alijaza chumba vitabu. Njia yake ya kufanya kazi ilikuwa kinyume cha wasomaji wengine. Hakutuma alichokiona kinang'aa. Alitengeneza faharasa ya maneno kwa kila kitabu alichosoma, pamoja na kurasa yalimotokea, akaihifadhi, kisha akawaandikia wahariri kuwauliza: wiki hii mko kwenye neno gani? Wakimjibu, alifungua faharasa zake na kuwapelekea mifano ya neno hilohilo walilolihitaji, hata likiwa la kawaida namna gani. Nafikiri hakuna aliyekielewa kiini cha kazi ile kuliko mgonjwa yule.

Mwaka 1884 kitabu cha kwanza kikatoka, kurasa 352, kuanzia A hadi "ant". Nusu ya miaka kumi ilikuwa imekwisha, na walikuwa bado kwenye herufi ya kwanza. Mwaka uliofuata Murray akahamia Banbury Road, akajenga banda jingine la mabati bustanini. Lilikuwa na baridi na unyevu kiasi kwamba wakati wa kipupwe alitumbukiza miguu ndani ya boksi ili kuikinga na upepo. Watoto wake kumi na mmoja, kila mmoja alipofikia umri wa kusoma, walipangishwa vikaratasi kwa alfabeti na kulipwa senti kidogo za matumizi.

Inafaa kueleza jinsi neno dogo lilivyoshughulikiwa bandani humo, maana ndipo hesabu ya maana 645 inapozaliwa. Msaidizi alichukua bunda la vikaratasi vya neno moja na kuvitandaza mezani. Hakuanza na maana aliyokuwa nayo kichwani. Alisoma sentensi moja moja, akaziweka pamoja zile zilizoelekea kusema jambo moja, akayapanga mafungu kwa miaka, la zamani kwanza. Ndipo alipoandika fasili ya kila fungu. Mhariri akaja, akavunja mafungu mawili, akaunganisha matatu, akauliza kama fungu hili lilitokana na lile au na jingine. Kwa neno kama "run" mtu angeweza kukaa wiki nzima na asijue kama "mto hukimbia" na "machozi hukimbia" ni maana moja au mbili.

Tulifuate neno lenyewe sasa. "Run" ni neno la ukoo wa Kijerumani. Limo tangu Kiingereza cha kale, na tangu wakati huo lilisemwa kwa mtu, kwa mnyama na kwa maji. Kutoka majini likaingia katika kila kinachotiririka: machozi, pua yenye mafua, nta ya mshumaa, rangi ya nguo inayochuja. Mabaharia walilitumia kwa jahazi linalosukumwa na upepo. Kisha likahamia kwenye vitu visivyoondoka mahali pake kabisa: barabara "inakimbia" kutoka mji hadi mji, ukuta unakimbia kando ya shamba, mkataba wa kodi unakimbia miaka mitano, mchezo wa kuigiza unakimbia miezi mitatu. Watu wakiingiwa na hofu na kwenda benki kwa wingi kutoa fedha zao, tukio hilo nalo ni "run". Mchezaji wa kriketi huhesabu "run" zake kama sisi tunavyohesabu mabao. Halafu ukaja mvuke. Treni zikaanza kukimbia kwa ratiba, mashine zikakimbia viwandani, na kutoka hapo sarufi yenyewe ikageuka: mtu akaanza "kuikimbiza" mashine, akaikimbiza karakana, duka, hoteli, wizara. Wamarekani wakasema mwanasiasa anakimbilia cheo, ilhali Waingereza husema anasimama. Na ilipofika zama za kompyuta, programu nazo zikakimbia.

Msomaji wa Kiswahili ameona kwamba tafsiri zangu za hapo juu zinakwaruza sikio. Kwetu machozi hutiririka, rangi huchuja, barabara hupita, mkataba hudumu, mgombea hugombea. Mzigo ambao Kiingereza kimembebesha mtumishi mmoja, sisi tumewagawia wengi. Lakini tazama kitenzi "endesha". Kimetokana na kwenda tu. Dereva anaendesha gari, fundi anaendesha mtambo, mama anaendesha mgahawa, mwenyekiti anaendesha kikao. Na mtu akila kilichoharibika atasema tumbo linamwendesha. Waingereza kwa ugonjwa huohuo hutumia "run" katika umbo la wingi. Lugha mbili zisizo na undugu, moja ya kisiwa chenye baridi na nyingine ya pwani ya pepo za kaskazi na kusi, zimetoka kwenye mwendo wa miguu, zikapitia mashine na biashara, zikaishia tumboni. Hakuna aliyeketi akapanga hivyo, na mimi kila nikilifikiria jambo hilo nashangaa upya.

Herufi ya R ilisimamiwa na William Craigie, na sehemu ya kwanza ya S, ambamo "set" imo, na Henry Bradley. Murray hakuiona kamusi yake ikikamilika. Alifariki Julai 1915, akiwa kwenye T. Bradley alifariki mwaka 1923. Kazi iliyopangiwa miaka kumi ilimalizika mwaka 1928, vidahizo 414,825 na nukuu 1,827,306. Toleo la pili lilipotoka mwaka 1989, majuzuu 20, kitenzi "set" ndicho kilichoshika nafasi ya kwanza kwa maana 430, zilizoelezwa kwa maneno 60,000. Baadaye, kamusi ilipoanza kuandikwa upya kwa ajili ya intaneti, Gilliver akafika kwenye "run", na "set" ikapitwa. Wapo waliosema kwamba mashine ndizo zilizoamua. "Set" ni neno la kuweka na kutulia. "Run" ni neno la injini. Naliona wazo hilo lina ukweli, ingawa kazi ya miezi tisa ya mtu mwenye subira nayo ina sehemu yake, kwa sababu "set" ilikuwa bado haijapata zamu ya kuchambuliwa kwa kina hicho.

Nilisema njia hii inapita jirani na Kiswahili. Mwaka 1894, Murray akiwa kwenye D, wachapishaji walewale wa Oxford, kwa chapa ya Clarendon Press, walitoa kamusi ya Kiingereza kwa Kiswahili ya Arthur Cornwallis Madan. Madan alikuwa mwalimu wa Christ Church, Oxford, kabla ya kwenda Zanzibar mwaka 1880 na misheni ya UMCA. Mwaka 1903 ikafuata ya Kiswahili kwa Kiingereza. Mbele yake alikuwa na kazi ya Edward Steere, na kamusi ya Ludwig Krapf iliyotoka London mwaka 1882, iliyotokana na miaka yake ya Mombasa na Rabai. Juu ya msingi wa Madan ndipo Frederick Johnson na Kamati ya Lugha walipojenga kamusi ya mwaka 1939. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya TUKI, mwaka 1981, nayo ilibeba chapa ya Oxford. Yaani kwa karibu miaka mia moja kamusi zetu kuu zimepitia mikono ya wachapishaji walewale waliochapa kazi ya Murray, lakini mbinu yake haikusafiri nazo. Katika kamusi zetu tunapata neno, aina yake, maana zake, na mfano uliotungwa na mhariri. Hatupati mwaka. Hatujui maana ipi iliitangulia nyingine.

Sisemi hivyo kuwadharau waliozitunga. Kila mmoja alikuwa na haraka ya haki: mmisionari alitaka kuhubiri, mwalimu alitaka kitabu cha darasani, taifa jipya lilitaka lugha ya ofisini. Lakini tumefika mahali pa kuirudia hoja ya Trench.

Na neno la kuanzia tunalo. Kama Kiingereza kina "run", sisi tuna "piga". Tunapiga ngoma na hodi, magoti na kambi, pasi na deki, picha na chapa, mswaki, chenga, ramli, mbizi, miayo na soga. Mgeni anayejifunza Kiswahili hulia juu ya kitenzi hiki. Kamusi humpa orodha ndefu, yote ikiwa katika usawa mmoja, kana kwamba watu walianza kupiga vyote siku moja. Ilhali historia ya pwani yetu imekaa ndani ya orodha hiyo. Waya wa telegrafu kutoka Aden ulifika Zanzibar mwaka 1879, mwaka uleule Murray alipotia saini mkataba wake. "Simu" ni neno la Kiajemi la waya, na waliosema kupiga simu zamani walikuwa wakimaanisha telegramu. Lini hasa ikawa sauti ya mtu sikioni? Au tazama kura. Katika Biblia askari walipiga kura kugawana mavazi ya Yesu, na mabaharia walipiga kura wajue ni nani aliyewaletea dhoruba, ikamwangukia Yona. Hiyo ilikuwa kura ya bahati, ambayo matokeo yake yalikuwa kwa Mungu. Mwaka 1957 Zanzibar ilifanya uchaguzi wake wa kwanza, na wananchi wakapiga kura wakiwa na maana nyingine kabisa, ya mtu kuamua kwa hiari yake nani amwakilishe. Kitenzi hakikubadilika hata herufi moja, na ndani yake siasa nzima ya nchi ikageuka.

Wenye kamusi ya Oxford, mwaka 2022, waliongeza maneno mengi ya Kiingereza cha Afrika Mashariki, "nyama choma" na "sambaza" yakiwamo, kila moja na tarehe na nukuu zake. Nilifurahi, kisha furaha ikapungua. Atakaye kujua historia ya nyama choma iliyopangwa kwa miaka aende kwenye kamusi ya Waingereza, wala hata huko hatapata ila historia yake ndani ya Kiingereza.

Maandishi ya kusoma tunayo. Zipo barua za Kilwa za mwaka 1711, zilizoandikwa kwa hati ya Kiarabu na kuhifadhiwa Goa. Upo Utendi wa Tambuka wenye mswada wa mwaka 1728. Zipo kumbukumbu za Tippu Tip na Desturi za Wasuaheli za Mtoro bin Mwinyi Bakari, zote zilizochapishwa mwanzoni mwa karne ya 20, na ndani yake mna Kiswahili cha watu waliozaliwa kabla ya Mjerumani kufika. Kuna magazeti: Msimulizi la Zanzibar la mwaka 1888, Kiongozi la Tanga la mwaka 1904, na Mambo Leo la Dar es Salaam. Hati nyingi za tenzi zimekaa katika makusanyo ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na ya SOAS kule London. Furnivall ilimbidi aanzishe chama cha kuchapisha miswada kabla kamusi haijawezekana. Sisi sehemu ya kazi hiyo imekwisha fanywa, nyingine inangoja.

Jambo la kuchunga ni lile lililomtia Murray hasara. Tukiwaambia wanafunzi wasome hati hizi watuletee maneno, watatuletea msamiati mgumu wa tenzi, maneno ya Kiamu na Kingozi yanayopendeza machoni, na watapita juu ya "piga", "kaa", "pata", "toa" na "enda" bila kuyaona. Ni lazima waagizwe waziwazi kutafuta yale wanayoyajua, kama Minor alivyoagizwa neno kwa neno. Mimi ningeanza na kura. Mambo Leo lilianza kutoka Januari 1923. Zanzibar walipiga kura yao ya kwanza Julai 1957. Mahali fulani katika magazeti ya miaka hiyo 34, kwenye habari za mabaraza, vyama vya ushirika, vyama vya wafanyakazi na TANU, kura ya bahati inaiachia nafasi kura ya uamuzi, na anayetaka kujua ni lini itambidi ayasome ukurasa kwa ukurasa.